Shukrani Yenye Jina

Shukrani huanzia katika kutambua mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuna jema lililomfikia mtu. La pili ni kwamba jema hilo, lote au sehemu yake, limetoka nje yake: kwa binadamu mwenzake, kwa Mungu, kwa maumbile au kwa bahati tu. Robert Emmons, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California tawi la Davis nchini Marekani, aliyeitafiti hali hii kwa zaidi ya miaka 20, huifafanua kwa nguzo hizo mbili. Ikikosekana ya kwanza, mtu huipita neema bila kuiona. Ikikosekana ya pili, kinachobaki ni majivuno: neema ameiona, lakini anaihesabu kuwa ni jasho lake peke yake.

Kwa hiyo shukrani si sawa na kuridhika. Aliyeridhika ametosheka na alichonacho, na anaweza kukaa na utoshelevu wake bila kumfikiria mtu yeyote. Anayeshukuru lazima amkumbuke aliyemtendea. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini shukrani huleta furaha ambayo kuridhika peke yake hakuileti: humtoa mtu ndani ya nafsi yake na kumuunganisha na wengine.

Adui mkubwa wa furaha ya kila siku si shida tu, ni mazoea. Nyumba iliyokuwa ikichota maji kwa jirani inavutiwa bomba hadi uani. Wiki ya kwanza kila anayefungua koki anatabasamu. Mama amepumzika kubeba ndoo kichwani alfajiri, watoto wanawahi shule, nguo zinafuliwa siku yoyote. Miezi michache baadaye bomba limekuwa kama sehemu ya ukuta. Linalozungumzwa sasa ni bili, na siku maji yakikatika, manung'uniko nyumba nzima. Hakuna mwenye roho mbaya hapo. Akili ya binadamu ndivyo ilivyo: huacha kuangalia kinachokwenda sawa ili ipate nafasi ya kuangalia kinachoweza kuleta madhara.

Wanasaikolojia wameipima tabia hiyo. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani, na watu wa kawaida ambao hawakushinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuliko wenzao. Tena mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki, kupata kifungua kinywa au kusikia kichekesho, yaliwapa raha ndogo kuliko yalivyowapa wenzao. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi za nyanja mbalimbali wakaonyesha kwamba karibu kila mahali baya lina nguvu kuliko jema: lawama moja hukaa moyoni kuliko sifa kadhaa, na hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Mtu asipofanya kitu kwa makusudi, mizani ya moyo wake huelemea upande wa kero hata pale mema yanapozidi kwa idadi. Kushukuru ni kitu hicho cha makusudi.

Utafiti uliofungua njia ulichapishwa mwaka 2003 na Emmons pamoja na Michael McCullough. Wanafunzi wa chuo wapatao 200 waligawanywa katika makundi matatu. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, kundi la kwanza liliandika hadi mambo matano ya kushukuru. La pili liliandika hadi mambo matano yaliyowakera. La tatu liliandika matukio yoyote yaliyowagusa. Orodha zenyewe zilikuwa za kawaida kabisa. Upande wa shukrani kulikuwa na kuamka asubuhi, ukarimu wa marafiki na wazazi wema, na kuna aliyeishukuru bendi ya Rolling Stones. Upande wa kero kulikuwa na shida ya kupata mahali pa kuegesha gari, jiko chafu ambalo hakuna anayejitolea kulisafisha, na pesa zinazokwisha mbio. Mwisho wa kipindi hicho, waliokuwa wakiandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi kuliko waliokuwa wakiandika kero. Walikuwa na matumaini zaidi na wiki iliyokuwa ikija, walikuwa na malalamiko machache zaidi kuhusu maumivu ya mwili, na walitumia muda mrefu zaidi kufanya mazoezi ya viungo.

Inafaa kutua hapo kidogo. Hakuna mwanafunzi aliyeongezewa fedha, kupunguziwa masomo wala kuhamishiwa bweni zuri. Wote waliishi maisha ya aina moja, yenye marafiki wakarimu na majiko machafu kwa pamoja. Kilichotofautiana ni walichokaa nacho kwa dakika chache na kukipa maneno. Kwa jambo dogo kiasi hicho, mabadiliko yaliyopatikana yanastahili kuheshimiwa.

Katika sehemu nyingine ya utafiti huohuo walishirikishwa watu 65 wenye maradhi ya mishipa ya fahamu na misuli, ambayo mengi hayana tiba ya kuyamaliza. Hao waliandika kila siku kwa siku 21. Walioandika ya kushukuru walikuwa na furaha zaidi, walijisikia karibu zaidi na watu, na walilala saa nyingi zaidi na kuamka wakiwa wamepumzika. Wenzi wao, walioulizwa kando, nao waliona tofauti. Maradhi yenyewe hayakupungua. Ushahidi huu una uzito wa pekee, kwa sababu ni wa watu ambao wangeulizwa wana nini cha kushukuru wasingekosa haki ya kujibu kwa hasira.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu mazoezi kadhaa ya kuongeza furaha kwa watu waliojiunga kupitia intaneti, 411 kati yao wakafika mwisho. Mazoezi mawili yalihusu shukrani. La kwanza lilikuwa kumwandikia barua mtu aliyemtendea mwandishi wema mkubwa na hakuwahi kushukuriwa inavyopasa, kisha kumpelekea kwa mkono. Hilo ndilo lililoinua furaha kwa kiwango kikubwa kuliko yote, lakini nguvu yake ilidumu takriban mwezi mmoja, kisha ikafifia. La pili lilikuwa kuandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo pamoja na sababu ya kila moja kutokea. Hilo lilianza polepole, lakini miezi sita baadaye waliolifanya bado walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona, hasa wale walioendelea nalo kwa hiari yao baada ya wiki ya jaribio.

Ukweli unataka usemwe wote. Mwaka 2020 David Cregg na Jennifer Cheavens walijumlisha tafiti 27 zilizokuwa na washiriki 3,675, wakakuta kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Mgonjwa wa sonona anahitaji matibabu na mtu wa kuzungumza naye, na kumwambia ashukuru tu ni kumuongezea mzigo wa kujiona mkosaji. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti mwingine wa wauguzi wanawake 49,275 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 79. Waliokuwa na moyo wa shukrani zaidi walikuwa na uwezekano wa kufa ulio chini kwa asilimia 9 katika miaka mitatu hivi iliyofuata, hata baada ya kuzingatia afya na hali zao za maisha. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limelizaa la pili. Shukrani ni chakula cha moyo wenye afya, si dawa ya kila ugonjwa.

Njia inazopitia shukrani hadi kufika kwenye furaha ni zaidi ya moja. Usingizi ni mojawapo. Alex Wood na wenzake, waliochunguza watu 401 nchini Uingereza mwaka 2009, waliona kwamba wenye shukrani hulala vizuri zaidi kwa sababu ya mawazo yanayowapitia wakiwa wameshaweka kichwa kwenye mto. Badala ya kurudia madeni na maneno makali ya mchana, wanarudia kilichokwenda vizuri.

Njia nyingine ni kuwaza jinsi jema lingeweza kutotokea kabisa. Minkyung Koo na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba waliotafakari namna ambavyo wangeweza kamwe wasikutane na wenzi wao waliridhika zaidi na ndoa au uhusiano wao kuliko waliosimulia jinsi walivyokutana. Hadithi ya kukutana imeshasimuliwa mara nyingi hadi ikazoeleka. Kuwaza basi lile lingeondoka dakika tano mapema, au binamu asingemwalika kwenye sherehe ile, kunamrudisha mwenzi kuwa mtu wa kushangaza tena.

Kwa sababu kazi ya shukrani ni kuvunja mazoea, yenyewe nayo inaweza kuliwa na mazoea. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliligundua hilo walipowataka watu waandike ya kushukuru kwa wiki sita. Walioandika mara moja kwa wiki waliongezeka furaha. Walioandika mara tatu kwa wiki hawakuongezeka. Orodha iliyokuwa hai ikageuka kuwa kazi ya shuleni. Mfano wake uko katika salamu. Mtu anaulizwa habari za asubuhi anajibu, "Tunamshukuru Mungu," na mara nyingi neno limeshatoka kabla moyo haujaamka. Jibu hilo ni zuri na halipaswi kuachwa. Lakini anayetaka limpe furaha hana budi, mara mojamoja, kulimalizia ndani ya nafsi yake: tunamshukuru kwa lipi, la jana usiku au la asubuhi hii?

Jamii za Afrika Mashariki hazikosi taratibu za kushukuru. Muislamu akifikiwa na habari njema husujudu sijda ya shukrani, na mtoto akizaliwa huchinjiwa akika. Makanisani hutolewa sadaka ya shukrani, na wakati wa mavuno waumini wa vijijini huleta mahindi, ndizi na kuku hadi mbele ya madhabahu. Wakristo wanaijua vyema habari iliyo katika Injili ya Luka, ya wakoma 10 waliotakaswa akarudi mmoja tu kushukuru. Harusi ikipita salama nchini Tanzania, wanakamati waliohangaika na michango hukutana tena kula na kunywa pamoja na maharusi, shughuli inayojulikana kama kuvunja kamati. Na familia iliyofiwa huweka tangazo la shukrani gazetini.

Tangazo hilo lina muundo unaojulikana. Juu kuna picha ya marehemu, kisha jina lake, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki. Familia inatoa shukrani za dhati kwa wote walioshiriki kwa hali na mali. Shukrani za pekee ziwaendee madaktari na wauguzi, viongozi wa dini, wanakwaya, wafanyakazi wenzake na majirani. Mwishoni huja maneno kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Ni kweli si rahisi, wala hakuna wa kulaumiwa. Nafasi ya gazeti inalipiwa. Lakini jirani aliyekesha siku tatu uani akipika kwenye sufuria kubwa, kijana aliyezunguka kuazima maturubai na viti, na muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akimgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, wote wamemezwa na neno "wote". Shukrani imetolewa, na imepita juu ya vichwa vyao. Familia inayoongeza hatua moja, ikamtuma mtu hadi mlangoni kwa yule jirani akamwambia alichokifanya na jinsi kilivyowabeba siku zile, imefanya jambo ambalo tangazo haliwezi kulifanya. Furaha inayozaliwa pale mlangoni ni ya pande mbili.

Kinachowazuia wengi wasichukue hatua hiyo ni kuona haya. Amit Kumar na Nicholas Epley waliichunguza haya hiyo mwaka 2018 kwa kuwaomba watu waandike barua za shukrani, kisha wabashiri wapokeaji watajisikiaje. Waandishi walikosea upande mmoja kila mara. Walidhani mpokeaji ataona aibu kuliko alivyoiona, na walidhani atafurahi kidogo kuliko alivyofurahi. Walihangaika kama maneno yao yamepangika vizuri, kumbe wapokeaji walichokiangalia ni upendo uliomo. Mtu anayeahirisha kumshukuru mwalimu wake wa shule ya msingi kwa miaka, akisubiri apate maneno yanayofaa, anajinyima yeye na anamnyima mwalimu, kwa hofu isiyo na msingi.

Kazini mambo ni hayohayo. Adam Grant na Francesca Gino walieleza mwaka 2010 jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi wa kuchangisha fedha za chuo kikuu kwa simu. Kundi moja lilitembelewa na mkurugenzi, akawashukuru kwa bidii yao. Wiki iliyofuata simu walizopiga ziliongezeka kwa zaidi ya nusu, ilhali za wenzao hazikubadilika. Mshahara ulikuwa uleule; walichoongezewa ni kujua kwamba kazi yao inaonekana na ina thamani kwa mtu.

Nyumbani ndiko shukrani inakosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kila kitu kimekuwa wajibu wa mtu fulani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Simeon Floyd, ulirekodi mazungumzo ya kawaida ya wazungumzaji wa lugha nane katika mabara matano, ikiwemo Kisiwu cha Ghana. Watu walipoombana vitu vidogo na kusaidiana, aliyesaidiwa alitoa neno la shukrani takriban mara moja tu katika mara 20. Si utovu wa adabu: watu wa karibu hutegemeana bila kuhesabiana, na jambo hilo lina uzuri wake. Hata hivyo Sara Algoe na wenzake, waliowafuatilia wapenzi kwa wiki mbili, waliona kwamba siku mmoja alipohisi shukrani kwa mwenzake, kesho yake wote wawili walijisikia karibu zaidi. Uchunguzi wake mwingine ulionyesha kuwa shukrani yenye nguvu ni inayomsifu mtendaji kwa tendo lake kuliko inayoeleza tu faida ya mtendewa. Kusema "chakula kimenishibisha" ni kujizungumzia. Kusema "umerudi umechoka na bado ukasimama jikoni" ni kumwona mtu. Salamu ya "pole na kazi" ina busara hiyohiyo, kwani huitambua juhudi yenyewe hata kabla ya matunda yake.

Kuna wakati wema hauzai shukrani, na jamii ya Waswahili inalijua vizuri jambo linalosababisha hivyo: masimango. Anayempa mtu ada ya shule kisha akamkumbusha kila wanapokutana, mbele ya watu, hapokei shukrani bali woga na kinyongo. Philip Watkins na wenzake walilipima hilo mwaka 2006. Kadiri mtoaji alivyoonyesha kutarajia kulipwa, ndivyo mpokeaji alivyopungukiwa shukrani na kuzidiwa na hisia ya kudaiwa. Deni na shukrani hufanana kwa nje, kwa sababu vyote viwili humfanya mtu akumbuke alichopewa, lakini deni humfanya akwepe njia ya mtoaji na shukrani humfanya amtafute.

Vilevile shukrani isitumike kama kifuniko cha dhuluma. Kibarua ambaye hajalipwa mshahara wa miezi mitatu, akaambiwa ashukuru kwamba angalau ana kazi, hafundishwi shukrani, ananyamazishwa. Mke anayepigwa hapaswi kuorodhesha mema ya mumewe ili avumilie. Anayeshukuru kwa kweli hutambua jema lililopo bila kuukana ubaya uliopo, na wagonjwa wale 65 hawakutakiwa kusema kwamba hawaumwi. Mtu anaweza kushukuru kwa jirani aliyempa hifadhi na siku hiyohiyo akaenda kituo cha polisi kushtaki.

Kwa anayetaka kuanza, daftari la shule na kalamu vinatosha. Aandike mara moja kwa wiki, mambo machache, kila moja likiwa na sababu yake na, inapowezekana, jina la mtu. "Afya" ni neno pana mno lisilogusa kitu. "Homa ya mtoto imeshuka usiku wa Jumanne, na mama wa duka la dawa alikubali kufungua saa nne usiku" ni jambo ambalo moyo unaweza kulishika. Anayeishi na watoto anaweza kulifanya kwa mdomo wakati wa chakula cha jioni, kila mmoja akimtaja mtu aliyemsaidia siku hiyo. Kila baada ya muda, jina moja kutoka daftarini litafutwe na mwenye jina aambiwe, kwa barua, kwa simu au uso kwa uso.

Pengine mtu wa kushukuriwa hapatikani tena. Ameshafariki, au alihama bila kuacha anwani. Hata hapo kuandika hakuendi bure. Joel Wong wa Chuo Kikuu cha Indiana na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu 293, wengi wao wanafunzi, waliokuwa wakipata ushauri nasaha kwa matatizo ya kisaikolojia. Kundi moja liliandika barua ya shukrani kila wiki kwa wiki tatu, jingine liliandika mawazo yao machungu, na la tatu halikuandika chochote. Wiki 4 na wiki 12 baadaye, walioandika barua walikuwa na nafuu kubwa kuliko makundi mengine mawili. Hawakulazimishwa kuzituma, na wachache tu, chini ya robo yao, ndio waliozituma. Ambao barua zao zilibaki ndani walipata nafuu pia.